Profesa Aliyerudi Mbale

Katika nyumba nyingi za askari, maneno "haki za binadamu" huingia kwa mlango mbaya. Huletwa na redio siku ambayo afisa fulani ameshitakiwa, au huletwa na baba mwenye nyumba arudipo zamu amekunja uso, akisema kwamba watu wa haki za binadamu wamefika tena kituoni na madaftari yao. Basi mama na watoto huzoea kuyasikia maneno hayo kama jina la adui. Nao maprofesa wa elimu ya siasa, ambao ndio wayatamkao kwa wingi, huonekana kuwa ni watu wa kukaa vitini Kampala na Ulaya, wakiwahukumu wale wanaokesha mvuani na bunduki begani.

Mashariki ya Uganda alikuwako mtu mmoja ambaye habari zake zinastahili kusimuliwa katika nyumba hizo, kwa maana hazilingani na picha hiyo. Alikuwa profesa, tena alikuwa mwanasheria. Amepata kuwa waziri, na amepata kuwa mkimbizi. Aliongoza chama cha wanazuoni wa siasa wa Afrika nzima. Lakini alipozeeka hakutafuta kiti cha Kampala wala cha Ulaya. Alirudi Mbale, akafanya kazi zake huko na Jinja, miongoni mwa wakulima na wafugaji na watu waliokuwa wamezungukwa na bunduki. Huyo ni Dani Wadada Nabudere.

Nabudere alizaliwa mwezi Desemba 1932 huko Budadiri, katika nchi ya Wagisu, chini ya Mlima Elgon ambao wenyeji huuita Masaba. Alisomea sheria Uingereza, akarudi nyumbani akiwa wakili katika miaka ile ya kwanza ya uhuru. Alikuwa mtu wa mrengo wa kushoto katika chama tawala cha wakati huo, na hakukaa humo muda mrefu bila ya ugomvi na wakubwa wake. Katika miaka ya 1970, nchi ilipokuwa chini ya Idi Amin, alikwenda Tanzania, akafundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Chuo kile kilikuwa na moto wake siku zile. Walikuwako Waganda wengi waliokimbia, akiwamo Mahmood Mamdani. Alikuwako Issa Shivji, Mtanzania, aliyekwisha andika juu ya mapambano ya matabaka katika nchi yake. Nabudere alitoa kitabu chake juu ya uchumi wa ubeberu mwaka 1977, na mjadala ukawaka baina yake na wenzake hata mwaka 1982 ukakusanywa na Yash Tandon ukachapishwa kuwa kitabu. Kwa mtu asiyekuwa chuoni, ugomvi ule waweza kuelezwa kwa mfano wa duka. Mama anapokuta bei ya sabuni imepanda, je, amlaumu mwenye duka aliye mbele yake, au ailaumu benki ya mbali ambayo mwenye duka mwenyewe ni mdeni wake? Nabudere alikazia benki ya mbali. Wenzake walimwambia kwamba kwa kufanya hivyo anamsamehe mwenye duka. Wote walikuwa wakali, na pengine walipoteza karatasi nyingi mno katika kutukanana. Lakini swali lenyewe halikuwa la upuuzi, na lingali halijajibiwa.

Ikaja vita ya Kagera. Tarehe 24 hadi 26 Machi 1979 vikundi vya Waganda waliokuwa uhamishoni vilikutana Moshi, vikaunda umoja mmoja wa ukombozi wa nchi, na mwezi wa Aprili Kampala ikatekwa na majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda. Nabudere alikuwa mmoja wa wanazuoni wanne waliokuwa na sauti kubwa katika umoja huo, pamoja na Edward Rugumayo, Omwony Ojwok na Yash Tandon. Wasiowapenda waliwaita genge la watu wanne, kwa kuiga jina lililokuwa likisikika kutoka China. Nabudere akashika uwaziri wa sheria, kisha uwaziri wa utamaduni na maendeleo ya jamii. Kwa ufupi, mwalimu wa siasa alipewa nchi aijaribu.

Jaribio halikufika mbali. Rais Yusuf Lule aliondolewa mwezi Juni 1979 baada ya kutawala siku 68 tu, na mrithi wake Godfrey Binaisa akaondolewa mwezi Mei 1980 na Tume ya Kijeshi iliyoongozwa na Paulo Muwanga. Wanazuoni wale walikuwa na katiba ya umoja wao na baraza la mashauriano na hoja zilizopangwa vizuri. Kilichokosekana ni kwamba wenye bunduki hawakuwa wamezikubali hoja hizo, wala hakuna aliyekuwa amekaa nao kwa kutosha ili wazielewe. Nabudere akarudi uhamishoni.

Huko nje hakukaa bure. Chama cha Elimu ya Siasa cha Afrika, kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1973 ili Waafrika waache kusomewa habari za nchi zao na wageni peke yao, kilimchagua kuwa rais wake kwa miaka ya 1983 hadi 1985. Kisha, kuanzia mwaka 1985 hadi 1988, alikuwa makamu wa rais katika chama cha elimu hiyo cha dunia nzima. Mtoto wa Budadiri akawa anaketi meza moja na maprofesa wa Marekani, Ulaya na Asia. Mtu wa namna hiyo hupata kazi penye mshahara mnono na kuzeeka salama. Yeye alirudi Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1990, akachaguliwa na watu wa kwao kuingia katika Bunge la Katiba la mwaka 1994 na 1995, ambamo alikuwa miongoni mwa waliotetea haki ya wananchi kuunda vyama vya siasa. Upande wake haukushinda wakati ule. Vyama vilirudishiwa uhuru wao baada ya kura ya maoni ya Julai 2005.

Baada ya hapo ndipo kazi yake ya Jinja na Mbale ilipokomaa, na hiyo ndiyo sehemu ya maisha yake inayozigusa zaidi nyumba za askari.

Jinja alihusika katika kuanzishwa kwa chuo cha wananchi kiitwacho Yiga Ng'okola, yaani jifunze huku ukifanya kazi. Asili ya wazo hilo ni Denmark, ambako tangu mwaka 1844 wakulima walianza kuwa na shule zao za watu wazima, zisizo na mitihani, za kujadili kazi yao na nchi yao. Jinja ilikuwa mahali pa kufaa kwa jambo kama hilo. Ni mji wa Mto Nili, wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954, wa viwanda vya nguo vilivyofifia vikawaacha mafundi bila kazi. Lakini Jinja pia ni mji wa askari, na mwenye kufundisha haki za watu pale hawezi kupita kando ya kambi akijifanya haioni.

Habari za kambi hiyo ni somo zima la siasa. Tarehe 23 Januari 1964, Batalioni ya Kwanza ya Uganda Rifles iliasi pale Jinja. Madai yao yalikuwa mshahara, na maafisa Wazungu waliokuwa bado wakiwaamrisha hali nchi imekwisha jitawala. Waziri Felix Onama alipokwenda kuzungumza nao walimzuia. Serikali ikakubali kuongeza mishahara, na wakati huohuo ikaita majeshi ya Kiingereza kuzima maasi, kama ilivyofanyika Tanganyika na Kenya juma lile lile. Mtu aweza kusema kwamba maasi hayakubaliki katika jeshi lolote, naye atakuwa amesema kweli. Lakini ni kweli vilevile kwamba askari wale walikuwa na haki zao za kazi na hawakuwa na mlango wa kuzidai. Palipokosekana mlango, wakavunja ukuta. Na nchi ikajifunza somo baya sana, kwamba bunduki husikilizwa upesi kuliko barua.

Miaka saba baadaye walioumia walikuwa ni askari wenyewe. Baada ya mapinduzi ya tarehe 25 Januari 1971, askari wa Kiacholi na Kilangi waliuawa kwa wingi ndani ya kambi zao, na kambi ya Jinja ni mojawapo. Waliuawa na wenzao waliovaa sare ileile. Wake zao waliokuwa wakiishi humohumo kambini walibaki na watoto, bila maiti ya kuzika wala cheti cha kifo, na bila mtu wa kumuuliza. Anayedhani kwamba haki za binadamu ni jambo la raia dhidi ya askari aifikirie kwanza nyumba ya mjane wa Jinja mwaka 1971.

Wajane hao na wengine walipata nafasi ya kusema mwaka 1974, Amin alipoona kelele za dunia zimezidi akaunda tume ya kuchunguza watu waliopotea. Iliongozwa na Jaji Mohamed Saied, akiketi pamoja na maafisa wawili wa polisi na mmoja wa jeshi. Tume ilichunguza habari za watu 308. Wanawake wengi walisimama mbele yake wakaeleza siku gani mume alichukuliwa, alikuwa amevaa nini, gari lilikuwa la rangi gani, wakati waliowachukua waume wao walikuwa bado wako madarakani. Taarifa ya tume ile ilifungiwa kabatini. Lakini maneno ya wanawake yaliandikwa, na kwa kuwa yaliandikwa, miaka arobaini baadaye mwanahistoria wa Marekani, Alicia Decker, aliweza kuyatumia katika kitabu chake juu ya wanawake na utawala wa kijeshi Uganda, kilichotoka mwaka 2014. Hapo ndipo msomi wa mbali huwa na faida. Kabati la nyumbani lilikuwa limefungwa; mgeni alikuja na subira, akakaa na akina mama wa Uganda akawasikiliza, akaonyesha kwamba ushahidi wao ulikuwa ni ushujaa.

Kutoka Jinja barabara hupita Iganga, ikakata mashamba ya mpunga na mabwawa ya Tirinyi, hata mtu akauona ukuta wa mlima Wanale umesimama juu ya mji wa Mbale. Humo Nabudere aliweka kituo chake cha utafiti, Afrika Study Centre, na baadaye taasisi ya elimu ya juu iliyopewa jina la Marcus Garvey. Alifundisha pia katika Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Mbale, kilichofunguliwa mwaka 1988. Wengine wa rika lake walijenga vituo vya namna hiyo Kampala: Mamdani alikuwa mmoja wa walioanzisha kituo cha utafiti wa msingi mwaka 1987, na walimu wa sheria wa Makerere wakaanzisha kituo chao cha haki za binadamu na amani mwaka 1993. Hivyo vilifanya kazi njema. Ila Kampala iko karibu na mawizara na mabalozi, na Mbale iko karibu na Karamoja.

Na Karamoja ndiko kulikokuwa na kazi. Ng'ombe wamekuwa wakinyang'anywa baina ya wafugaji tangu zama za mikuki, na palikuwa na wazee wa kuweka mpaka na kulipana fidia. Mwaka 1979, majeshi ya Amin yalipokimbia, ghala ya silaha ya kambi ya Moroto iliachwa wazi, na wafugaji wakajichukulia bunduki. Baada ya hapo kijana mwenye bunduki hakumhitaji mzee tena. Mashambulizi yakateremka hadi Teso, Bugisu na Kapchorwa, na maelfu ya Wateso wakaishi kambini kama wakimbizi ndani ya nchi yao.

Serikali ilianza kukusanya silaha hizo mwishoni mwa mwaka 2001, kwanza kwa hiari, halafu kwa nguvu. Na kazi hiyo ikarudiwa mwaka 2006 kwa operesheni za kuzingira vijiji alfajiri na kupekua. Askari walikufa katika kazi hiyo, na wapo watoto wa kambini ambao baba zao hawakurudi kutoka Karamoja. Wanavijiji pia walikufa, na malalamiko ya vipigo na mateso yaliandikwa na mashirika ya haki za binadamu ya ndani na ya nje. Tena lilitokea jambo ambalo askari wenyewe waliliona kwa macho: kabila moja likisha nyang'anywa bunduki, jirani aliyebaki na zake hulivamia siku ya pili. Aliyesalimisha silaha kwa utii ndiye aliyepoteza ng'ombe.

Kituo cha Nabudere kilifanya utafiti juu ya usalama wa binadamu katika nchi hizo za wafugaji na wakulima, kwa kushirikiana na wanazuoni na wafadhili wa ng'ambo. Njia yake ilikuwa ya kukaa chini. Wazee, wanawake na vijana wa makabila yaliyokuwa yakipigana waliulizwa, kila mmoja katika lugha yake, usalama maana yake ni nini na zamani ulipatikanaje. Nabudere alishikilia kwamba kijiji ni mahali pa maarifa kama chuo kilivyo, na kwamba mzee asiyejua kusoma aweza kuwa mwalimu wa profesa katika sheria ya kupatanisha. Mwanamke wa kifugaji anapoeleza kwamba ng'ombe wa mahari ndiye anayemtuma kijana kwenda kuvamia, hiyo ni elimu ya siasa. Hakuna haja ya kungoja ithibitishwe katika jarida la London ndipo iaminike.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa ushirikiano na wageni, jambo ambalo Nabudere alilipigania muda mrefu. Fedha za utafiti hutoka nje, na mwenye fedha hupenda kuuliza maswali yake. Mara nyingi mtafiti hufika na gari jeupe, hujaza madaftari kwa siku kumi na nne, kisha kijiji hakisikii tena habari zake. Kitabu hutoka kwa bei ambayo mkuu wa shule wa Moroto hawezi kuilipa. Askari nao wana malalamiko hayohayo, kwamba huandikwa bila kuulizwa. Malalamiko yao yana ukweli ndani yake. Mtafiti wa haki za binadamu asiyejua askari wa doria alilala wapi, alikula nini, aliamriwa na nani na kwa lugha gani, ataandika nusu ya habari. Lakini na askari asiyefungua mdomo, kisha akalalamika kwamba upande wake haukuandikwa, naye amechangia kosa.

Lugha yenyewe ilikuwa kikwazo. Waganda wengi waliisikia lugha ya Kiswahili kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, ikitoka kwa mtu mwenye bunduki, wakaichukia. Tangazo la Amin la mwaka 1973 la kuifanya lugha ya taifa halikusaidia kuipamba. Mwaka 2005 katiba iliifanya lugha rasmi ya pili, lakini karatasi nyingi za haki za binadamu zimeendelea kuandikwa kwa Kiingereza, wakati amri na mazungumzo ya kambini hupita kwa Kiswahili. Matokeo yake ni kwamba haki zimekaa katika lugha moja, na bunduki katika lugha nyingine. Nabudere, aliyetaka lugha za Waafrika ziwe lugha za kufikiria na za kufundishia, aliliona tatizo hilo kutoka upande wa mkulima. Lingetazamwa kutoka upande wa kota za polisi lingeonekana vilevile.

Alifariki tarehe 9 Novemba 2011. Mwaka 2013 kilitoka kitabu alichokiandika pamoja na Andreas Velthuizen wa Afrika Kusini juu ya haki ya kurejesha mapatano, yaani haki inayomtaka mkosaji amkabili aliyemkosea, akiri, alipe, na wote wawili warudi kuishi kijiji kimoja. Si kila kosa linafaa kumalizwa hivyo, na mjane wa Jinja angekuwa na haki ya kuuliza ni nani angekuja kuketi mbele yake. Hata hivyo kitabu hicho ni cha watu wawili wa nchi mbili waliotafuta maarifa miongoni mwa Waafrika wenyewe, na huo ndio ushirikiano alioutaka.

Katika Katiba ya mwaka 1995, ambayo Nabudere alikuwa ukumbini ikijadiliwa, imo ibara ya 221. Inasema kwamba ni wajibu wa Jeshi la Ulinzi la Wananchi, jeshi la polisi, magereza na idara zote za upelelezi kuzishika na kuziheshimu haki za binadamu na uhuru wao katika kutekeleza kazi zao. Afisa anayesoma katika chuo cha kijeshi cha Kimaka, hapo Jinja, hana budi kuijua. Mkewe, mwanawe wa darasa la saba, na askari kijana aliyeajiriwa juzi kutoka Bududa, hao si lazima wawe wamepata kuisikia. Ni sentensi moja tu. Inaweza kusomwa kwa Kiswahili kwenye gwaride la asubuhi kabla jua halijawa kali.